Mtungi wa kilo 6 kwenye chumba cha watu wawili

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kwa mwanafunzi wa Mombasa aliyepanga Tudor, Tononoka, Majengo au ng'ambo ya daraja la Nyali, mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, ule ambao wengi wanauita meko, ndiyo njia bora ya kupikia chumbani. Unaishinda koili ya stima na unaishinda stovu ya mafuta taa. Jiko la makaa halimo kabisa kwenye mashindano haya: ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa.

Ila mtungi huu una kasoro tatu. Mpira wake mdogo wa kuzuia gesi huchakaa kimyakimya. Haukuonyeshi gesi iliyobaki. Na ukiwekwa kati ya watu wawili ambao hawajaelewana kuhusu pesa, utawagombanisha kabla ya kati ya muhula. Kasoro ya kwanza ina dawa ya shilingi chache, ya pili ina dawa ya mizani. Ya tatu itachukua nafasi kubwa kwenye tathmini hii, kwa sababu watu wanaohama chumba kwa hasira hawahami kwa ajili ya mpira.

Kununua

Madukani utakuta mitungi ya kilo 3, 6 na 13. Wa kilo 3 unavutia kwa bei, lakini gramu kwa gramu gesi yake kwa kawaida huuzwa ghali zaidi, nao huisha upesi kiasi kwamba kila wiki ya tatu mmoja wenu yuko njiani na mtungi mtupu. Wa kilo 13 una uzito wa kumtoa mtu jasho kwenye ngazi za ghorofa ya nne, na haukai na kichomeo juu yake. Wenyewe unahitaji regulata (kifaa cha kushusha mgandamizo wa gesi), mpira mrefu wa kupitishia gesi na jiko la meza. Kilo 6 ndicho kipimo cha chumba.

Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa kawaida karibu na ukosi wa juu. Jumlisha 6, hapo umepata uzito unaopaswa kuuona kwenye mizani. Mwambie muuzaji aupime mbele yako kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa. Akisema mizani imeharibika, duka jingine liko mtaa wa pili. Kisha tazama kifuniko cha plastiki kwenye valvu: kiwe kizima, kina nembo ya kampuni ileile iliyoandikwa kwenye mtungi. Mtungi uliopakwa rangi juu ya rangi, kifuniko kimelegea au kimebandikwa gundi, uache hapohapo. Gesi iliyojazwa kwa wizi huwa pungufu, na aliyeijaza hana haja ya kuangalia kama valvu inafunga sawasawa.

Kuhusu kampuni gani, jibu halina mahaba: ile inayouzwa na duka lililo karibu na mlango wako. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilileta valvu za aina moja na utaratibu wa lazima wa kampuni kupokeana mitungi, kisha kanuni za 2019 zikaondoa ulazima huo. Maduka mengi bado yanabadilishana, lakini muuzaji akikukatalia mtungi wa kampuni asiyoiuza, huna pa kumshtakia. Gesi yenyewe haina tofauti ya kukupotezea usingizi. Sehemu kubwa ya gesi ya nchi hii inashuka Mombasa, kwenye matangi ya Miritini, kabla haijapanda malori kwenda bara.

Kichomeo, ambacho mafundi wanakiita bana, na grili yake, yaani chuma cha kuwekea sufuria, ndivyo vya kuchagulia. Chukua grili nzito yenye miguu inayokaa imara kwenye shingo ya mtungi. Itikise dukani, ikicheza ukiwa umeishika kwa mkono, itacheza zaidi ukisonga ugali. Hewa ya bahari hula vyuma, na grili nyembamba ya rangi ya fedha huanza kutoa kutu baada ya miezi michache. Nunua pia wosha mbili za akiba, yaani ile mipira midogo ya kuzuia gesi. Ni vitu vidogo kama kifungo cha shati, na mara nyingi mtungi unaovuja chumbani unavuja kwa sababu ya wosha.

Kuusafirisha, tuktuk ndiyo jibu: mtungi umesimama katikati ya miguu yako, kichomeo kimetolewa, kifuniko kimo. Makanga wengi wa matatu watakukataa, nao wana haki. Boda boda wa dukani huufunga vizuri ukiwa umesimama. Usikubali ulazwe.

Kuufunga

Funga koki ya kichomeo kabisa. Tazama wosha: iwe laini, haina ufa, haijabonyea upande mmoja. Zungusha kichomeo kwa mkono mpaka kikaze, bila koleo wala spana, maana ukikaza kwa chuma unaipasua wosha ileile unayoitegemea. Koroga kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye nusu kikombe cha maji, upake povu pale kichomeo kinapoingia kwenye valvu na kwenye shina la koki. Subiri nusu dakika. Povu likivimba, gesi inatoka: zungusha kichomeo ukitoe, badilisha wosha, rudia. Kiberiti si kifaa cha kutafutia uvujaji, ingawa kila jengo lina jirani mmoja anayeapa kwamba ndivyo babake alivyofanya.

Mtungi wa aina hii una jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kichomeo kinapokazwa, shina lake linasukuma valvu chini na kuifungua. Tangu hapo, kinachozuia gesi ni ile koki ndogo ya kichomeo peke yake. Ndiyo maana mkisafiri, hata kama ni Ijumaa mpaka Jumatatu, kitoeni kichomeo kwenye mtungi na kurudisha kifuniko. Valvu ikiwa nzima itajifunga yenyewe. Utasikia mlio mfupi wa pss kisha kimya. Ikiendelea kutoa sauti, rudisha mtungi dukani siku hiyo hiyo, na hadi hapo mtungi ukae nje kwenye upepo, si kwenye korido.

Kuwasha: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Ukifungua gesi ndipo uanze kutafuta kiberiti chini ya mto, moto utakaokuja utakuwa mkubwa kuliko uliouhitaji.

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kutuama chini ya kitanda, mahali ambapo wanafunzi wengi wanapenda kuuficha mtungi keyateka, yaani mwangalizi wa nyumba, asiuone. Weka mtungi karibu na mlango, umesimama, mbali na soketi. Usiuweke roshani juani pia. Mtungi haujazwi gesi pomoni. Huachwa nafasi juu ili gesi ipate pa kutanukia, na jua la saa saba mchana la Februari linaila nafasi hiyo.

Ukisikia ile harufu kama ya kabichi lililooza, usiguse swichi, iwe ya kuwasha au ya kuzima, na usiwashe feni kuifukuza. Funga koki, fungua mlango na dirisha, toa mtungi nje kama unaweza, waambie wa chumba cha pili wasipike. Subiri mpaka harufu iishe kabisa, kisha subiri tena kidogo.

Mambo ya feni na upepo

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi. Chumba cha kupanga hapa hakiishiki bila feni, na feni ya dari ni adui wa moto mdogo. Inaupeperusha ukatoka chini ya sufuria ukapasha hewa, na ukiwa kwenye moto wa chini kabisa inaweza kuuzima huku gesi ikiendelea kutoka. Zima feni unapopika. Ndiyo, utatoka jasho. Dirisha liache wazi, lakini mtungi usikae chini yake: kusi ikivuma huleta pazia mpaka kwenye sufuria. Lifunge pazia fundo kabla ya kuwasha.

Moto mzuri ni wa buluu. Ukigeuka wa njano na sufuria ikaanza kuwa nyeusi, kichomeo hakipati hewa ya kutosha, na kwa kawaida mhalifu ni mafuta yaliyomwagika, vumbi, au mdudu aliyejenga ndani ya matundu ya hewa. Kitoe kwenye mtungi, kisugue kwa brashi ya meno ya zamani na maji ya sabuni, kikauke kabisa. Tundu dogo linalotoa gesi lizibue kwa kupuliza tu. Ukiingiza sindano utalipanua, na tundu likipanuka hakuna kulirudisha.

Sufuria isizidi upana wa sentimita 24 hivi. Mtungi, kichomeo na grili vikipandana vinafika karibu na goti, na ugali wa watu wanne juu yake ni jambo la kuanguka. Wa kusonga ashike sufuria kwa kitambaa kikavu kwa mkono mmoja, asonge kwa mwingine, na mwenzake asipite na ndoo ya maji wakati huo. Mafuta yakishika moto ndani ya kikaango, funga koki na ufunike kwa mfuniko. Maji hayaingii hapo.

Inakula gesi kiasi gani

Hesabu zinazofuata ni za makadirio, kwa kichomeo kisafi na sufuria iliyofunikwa. Chai ya watu wawili, gramu 15. Nusu kilo ya wali wa nazi, gramu 35. Ugali wa wawili, gramu 30. Chapati kumi, gramu 80. Maharagwe makavu yaliyolowekwa usiku kucha, gramu 90. Yasiyolowekwa, gramu 170 au zaidi, kwa sababu yatachemka saa mbili huku mkiyatazama kwa njaa. Kulowekwa peke yake kunaokoa karibu nusu.

Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 1,200 kwa kubadilisha mtungi. Kila gramu 100 ni shilingi 20. Chai basi ni shilingi 3, wali shilingi 7, maharagwe ambayo hayakulowekwa shilingi 34. Ukishaona hesabu hiyo utaelewa kwa nini mbaazi za nazi ni chakula cha kununua asubuhi kwa mama wa mahamri, si cha kupika chumbani. Yeye anachemsha sufuria moja ya mtaa mzima, wewe ungechoma gesi ileile kwa bakuli mbili.

Wawili wanaopika chai mara mbili, wali mchana, ugali na mboga usiku, wanatumia gramu 120 hadi 150 kwa siku. Mtungi utawafikisha siku 40 hadi 50. Wakikaanga viazi kila usiku, hesabu hiyo isahauliwe.

Na maji ya kuoga? Hili ni gomvi la kila mwaka kati ya mtoto wa pwani anayeshangaa nani anapasha maji Mombasa, na mwenzake kutoka bara asiyeweza kuoga maji ya tangi alfajiri. Ndoo ya lita 10, vuguvugu tu, hula kama gramu 22, yaani shilingi 4 na senti kadhaa. Ndoo moja si kitu cha kununiana. Ndoo mbili kila siku ni theluthi ya gesi yote ya chakula, na hapo anayeoga maji baridi ana neno la kusema.

Ukitaka kulinganisha na koili ya stima, fanya hivi: zidisha bei ya uniti moja ya tokeni kwa 55. Hizo ndizo uniti ambazo koili ingekula kufanya kazi ya mtungi mmoja. Pesa zikikaribiana, usishangae. Mara nyingi hukaribiana. Gesi inashinda kwa mengine: haikatiki stima ikikatika, haitafuni tokeni za mita mnayochangia na vyumba vingine, na haiyeyushi soketi ya landilodi. Hosteli nyingi zimepiga koili marufuku kwa sababu hiyo ya mwisho. Nyingine zimepiga marufuku gesi pia, kwa hivyo soma sheria za nyumba kabla ya kununua, si baada ya keyateka kubisha.

Kujua kilichobaki, maji ya moto yanasaidia: mwagia ubavu wa mtungi kikombe kimoja, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapogeuka kuwa baridi ndipo gesi iliyo kimiminiko inapoanzia. Siku zenye unyevunyevu, ukipika kwa muda mrefu, mtungi wenyewe utatoka jasho mpaka usawa huo. Lakini kwa watu wanaogawana gharama, hayo ni ya kukisia. Nunueni mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo au samaki. Pima Jumapili, toa uzito wa mtungi mtupu na wa kichomeo, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gesi haina hata sura ya kukumbukwa ikishapotea.

Pesa, na mwenzako

Kosa la kwanza hufanyika siku ya kununua. Wawili wanachanga nusu kwa nusu, mtungi na kichomeo na gesi ya kwanza, wote wamefurahi. Muhula unaisha, mmoja anahamia Mshomoroni, na mtungi haukatwi vipande viwili. Anayebaki anasema ni wa chumba, anayeondoka anasema ni wake. Msichange mtungi. Mmoja anunue mtungi na kichomeo, vibaki mali yake, na mwenzake anunue kitu kingine cha thamani iliyo karibu: sufuria, feni ya meza, ndoo kubwa na mapipa ya maji. Gesi yenyewe ndiyo ya kuchangia, kwa kuwa ikiisha imeisha.

Ya kuchangia nayo ina njia mbili. Kupokezana, mimi mwezi huu wewe ujao, ni rahisi lakini ina ujanja ndani yake: aliyebeba zamu huanza kubana moto, na zamu ikihama anageuka mpishi wa pilau. Kugawa kila mara mtungi unapobadilishwa ni bora, hata kama ni kutumiana shilingi 600 kwa simu. Tumaneni siku mtungi unapofunguliwa, si siku unapoisha. Siku unapoisha ni saa mbili usiku, unga umeshaingia majini, na mtu mwenye njaa hawezi kuombwa pesa kwa adabu.

Kama mmoja anakula chuoni mchana na mwingine anapika mara tatu, nusu kwa nusu ni dhuluma, na aliyedhulumiwa kwa kawaida hasemi. Ananyamaza, kisha anaanza kufungia sukari yake kabatini. Ukiona sukari imehama, mgogoro si sukari. Ambianeni kwa namba: theluthi kwa theluthi mbili, mjaribu mwezi mmoja, mizani ya Jumapili iamue. Namna ya kuanza mazungumzo hayo ni nyepesi ukiwa na daftari mkononi: "Mwenzangu, wiki hii tumetumia kilo moja na robo, hebu tuangalie wapi." Ukianza na "Wewe kila saa unapika," umeshapoteza gesi na mtu.

Wageni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la chumba cha mwanafunzi ni kifurushi cha unga. Mpenzi anayekuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili si mgeni wa chumba, ni mgeni wa mmoja wenu, na mwenye mgeni ndiye anayejazia. Milo sita ya mtu mmoja zaidi ni gramu 150 hadi 200 za gesi. Kwa pesa ni shilingi 30 hadi 40 kwa bei yetu ya mfano, kitu kidogo sana. Kinachouma ni mwenzako kurudi kutoka maktaba na kukuta sufuria zote chafu, chumba kimefungwa na ujumbe "rudi baadaye kidogo." Kubalianeni siku, kubalianeni saa, na wanaokula waoshe. Kwa wapenzi wenyewe neno moja tu: kama kila mnapokutana ni mmoja huyohuyo anayepika na mwingine huyohuyo anayesubiri sahani akiwa kwenye simu, mmeshaonyeshana maisha yatakavyokuwa, bila kuulizana.

Sufuria na dini

Chuo cha Mombasa hukutanisha Mwislamu wa Mji wa Kale, Mgiriama wa Kaloleni na Mluo wa Kisumu kwenye kichomeo kimoja. Mara nyingi hilo ni raha tupu, na wengi hujifunzia hapo kukuna nazi au kupika omena. Lakini lizungumzeni wiki ya kwanza, maana baadhi ya mambo hayarekebishiki kwa sabuni. Nyama ya nguruwe isipikwe kwenye sufuria, mwiko wala kikaango anachotumia mwenzako Mwislamu, na mafuta yake yasidondokee grili ya pamoja. Njia rahisi kuliko kuwa na seti mbili za vyombo ni kuila nje. Nyama ya kawaida nunueni mahali ambapo wote wawili mnapaamini. Kwa buchari za mji huu, hilo si gumu.

Ramadhani hubadilisha saa za jiko. Anayefunga ataamka kula daku kabla ya alfajiri, na mlio wa sufuria saa kumi usiku, wakati mwenzake ana mtihani saa mbili asubuhi, umevunja urafiki kuliko maneno. Daku linapikika usiku: wali na mchuzi ukiwa tayari saa tatu, alfajiri ni kupasha dakika tano tu. Lakini wali usikae nje kwenye joto letu hadi alfajiri. Kama hakuna friji, pika kiasi cha futari kiishe, na daku liwe la mkate, mayai na chai. Asiyefunga naye hakatazwi kula, ila kukaanga vitunguu saa tisa alasiri mbele ya mtu aliyefunga ni ukosefu wa kitu fulani. Apike asubuhi, afunike. Na futari ikiivishwa, atakaribishwa. Asije mikono mitupu kila siku, tende zinauzwa kila kona msimu huo. Gesi ya mwezi huo itapanda, hasa kwa kaimati na viazi vya kukaanga. Anayefunga ajitolee kuongeza kabla hajaambiwa.

Samaki mkavu, papa na ng'onda, vikaangwe dirisha likiwa wazi na nguo zilizoanikwa zikiwa zimeondolewa kwanza. Shuka ikishanusa papa, inanusa papa.

Mapungufu yaliyobaki

Kichomeo kimoja kina maana ya chakula kimoja kwa wakati. Wali kwanza, ufunikwe na kufungwa kwa taulo nene utabaki moto kwa zaidi ya nusu saa, mchuzi ufuate. Mkipenda jiko la vichomeo viwili baadaye, mtungi huohuo wa kilo 6 utafanya kazi kwa regulata yake, lakini hapo unaongezeka mpira wa kukaguliwa. Ukunje kila mwezi utafute nyufa, na mtazame alama za meno ya panya. Mpira ulioganda au kupasuka haufungwi kwa nailoni wala gundi, unanunuliwa mwingine.

Hupati pia moto mdogo wa kweli. Vichomeo vya bei nafuu vikishushwa sana huzima, kwa hivyo tui la nazi huwa linakatika mikononi mwa mpishi mgeni. Weka tui zito mwishoni, koroga bila kuacha, na uzime moto linapoanza tu kutokota.

Mkifunga chuo na unataka kuuza mtungi badala ya kuubeba, usikubali bei ya kukisia. Uweke kwenye mizani bila kichomeo, toa uzito uliogongwa kwenye ukosi. Kilichobaki ni gesi, na ina bei yake kwa kilo. Mtungi na kichomeo hesabuni peke yake. Mpe mnunuzi zile wosha za akiba, na mpake povu pamoja akiona kwa macho yake kabla hajatuma pesa.